Mhariri naomba nijibu: maktaba za Shanghai zilikuwa za nani?

Mhariri,

Habari za kazi. Nimesoma ile makala yenu ya wikiendi kuhusu Shanghai ya enzi za wakoloni, ile yenye picha kubwa ya maktaba ya mapadri, na mwandishi wenu anajua kuandika sibishi, lakini kuna jambo limenikaa kooni toka juzi nikaona bora nilitoe. Ukimaliza kuisoma unaondoka na wazo kwamba Wachina walikuwa wamekaa tu wanasubiri, meli zikaja, wazungu wakashusha vitabu, wakajenga maktaba, basi watu wakaanza kuelimika. Jamani! Hawa ni watu walioanza kuchapa vitabu kwa mbao za kuchonga mamia ya miaka kabla Ulaya haijajua chapa ni kitu gani, na Suzhou na Hangzhou, ambazo toka Shanghai wala si mbali, zilikuwa na maduka ya vitabu na maktaba za koo za wasomi wakati Shanghai yenyewe bado ni mji wa pamba na majahazi. Kwaiyo habari ya nani alileta vitabu tuiache. Mi ninachouliza ni nani aliruhusiwa kuvishika, akae wapi kuvisoma, na saa ngapi baada ya kutoka kazini, maana hapo ndo kuna stori yenyewe na makala yenu imepita mbali nayo kabisa.

Kwa ambao hawakuisoma, kwa kifupi ni hivi. Waingereza walipigana na China ile vita ya kasumba, yaani afyuni, wakashinda, mkataba wa Nanjing wa 1842 ukafungua bandari tano, Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai, na kisiwa cha Hong Kong kikachukuliwa moja kwa moja. Shanghai wageni wakapata maeneo yao, Wafaransa la kwao toka 1849, Waingereza na Wamarekani wakaunganisha ya kwao 1863 likawa eneo la kimataifa, lina baraza lake la mji, polisi wake, kodi zake. Kati ya hao polisi walikuwemo Kalasinga na vilemba vyao, watu wa Punjab walewale tuliowajua sisi huku kwenye reli ya Mombasa, na kati ya matajiri wakubwa kulikuwa na ukoo wa Sassoon, Wayahudi wa Baghdad waliopitia Bombay, kasumba na pamba ndo zilizowainua. Dola ya Waingereza ni ileile. Sasa kitu cha kukumbuka kuliko vyote: miaka ya 1930 hilo eneo la kimataifa lilikuwa na watu milioni moja na zaidi, na wageni ndani yake hawakufika 40,000. Waliobaki wote ni Wachina, wanalipa sehemu kubwa ya kodi, na kwenye baraza la mji hawakuwa na kiti hata kimoja mpaka 1928.

Haya, hizo maktaba. Maktaba ya wageni ilianza 1849 kama klabu ya vitabu, wafanyabiashara wanachanga hela, vitabu vinaagizwa kwao, vinakuja na meli, vinasomwa kwa zamu. Vitabu gani? Riwaya za Kiingereza kwa wingi. Wala siwalaumu, mtu uko mbali na kwenu, joto la Julai la Shanghai halina huruma, jioni unataka hadithi uliwaze moyo. Lakini ilikuwa ya wenye ada na wanaojua Kiingereza, na hata ilipokuja kuwa chini ya baraza la mji tabia yake haikubadilika sana. Klabu kubwa ya Waingereza pale ukingoni mwa mto nayo ilikuwa na maktaba yake ila ilichojulikana nacho duniani ni kaunta ya baa, futi 110 hivi, na pale Mchina haingii, mwanamke haingii. Ilikuwepo pia maktaba ya Jumuiya ya Kiasia, hii ya wasomi kweli, ilianza kwa kununua vitabu vya mmisionari Alexander Wylie, ikaja kupata jengo zuri miaka ya 1930 ambalo siku hizi ni makumbusho ya sanaa. Na hiyo ya kwenye picha yenu, ya mapadri Wajesuiti kule Xujiahui, ilianza 1847 na jengo mliloonyesha ni la 1897, chini vitabu vya Kichina, juu vya Kizungu. Siidharau, ilikuwa na hazina kubwa ya historia za wilaya za China. Lakini mwandishi kaandika kwamba ilifungua milango kwa wakazi wa Shanghai. Milango ipi? Ilikuwa maktaba ya mapadri na mtu wa nje aliingia kwa ruhusa yao, basi.

Kulikuwa na bustani ukingoni mwa mto imefunguliwa 1868, Mchina hakuingia mpaka 1928, labda awe yaya anasukuma mtoto wa kizungu. Watu wanasimulia kibao kilichosema mbwa na Wachina marufuku. Kwenye sheria za bustani zilizobandikwa pale mambo hayo mawili hayakuwekwa mstari mmoja, sheria ya kwanza ilisema bustani ni ya wageni, na mbwa na baiskeli walikuja chini kwenye sheria nyingine, ila kwa aliyezuiwa getini sijui hiyo tofauti ingemsaidia nini. Sasa mji ambao hata nyasi za kukalia zina wenyewe, maktaba ndo iwe ya wote?

Kitu ambacho wageni walileta kweli, na hapa namwachia mwandishi wenu pointi yake, ni mitambo. Mmisionari Walter Medhurst alifika Shanghai 1843 akafungua kiwanda cha uchapaji, na miaka michache baadae wakaletewa mtambo wa silinda kutoka Uingereza, na kwa vile hawakuwa na injini ya mvuke ya kuuendesha wakamfunga ng'ombe. Ng'ombe kabisa, anazunguka kutwa, mtambo unazunguka, kurasa za Biblia zinatoka. Wasomi wa Kichina walikuwa wanakuja kutazama, na mmoja wao akaandika shairi la ng'ombe mzee anayechoka wala haelewi, halimi majaruba ya mpunga, analima shamba la vitabu. Mi hilo shairi nalipenda kuliko ripoti zote za wamisionari.

Katika waliokuja kutazama alikuwemo kijana wa karibu na Suzhou anaitwa Wang Tao. Baba yake alikuwa mwalimu Shanghai, kijana kaja kumtembelea 1848, akakaribishwa kwa Medhurst, akaona vitabu vimejaa makabatini vimepangwa vizuri, akamiminiwa mvinyo mwekundu kwenye glasi, akapigiwa na piano. Mwaka uliofuata baba akafariki, familia inataka kula, Wang Tao akachukua kazi palepale. Kazi yenyewe ilikuwa kunyoosha Kichina cha wamisionari, maana hao jamaa maneno waliyajua lakini sentensi zao msomi wa Kichina asingevumilia aya mbili. Akakaa miaka kama 13. Biblia ya Kichina iliyotoka pale imepita mikononi mwake na mwa baba yake, waliosifiwa ni wengine. 1862 akaingia matatani na serikali ya Qing, ya wafalme waliotawala China wakati ule, kwa barua waliyosema kaiandikia waasi wa Taiping, Waingereza wakamficha kwenye ubalozi wao mdogo alafu wakamtorosha Hong Kong, kule akamsaidia mmisionari James Legge kutafsiri vitabu vya Confucius na wenzake, akaenda nae mpaka Scotland, na aliporudi Hong Kong akaanzisha gazeti lake 1874, Xunhuan Ribao, hela za Wachina, mhariri Mchina. Ndo maana nasema mtambo sawa ulikuja na mmisionari, lakini kuufanya huo mtambo utoe kitu ambacho mtu wa pale atataka kukisoma ilikuwa kazi ya karani aliyekaa kwenye kiti cha nyuma.

Tena si hapo tu. Wapresbiteri wa Marekani walihamisha kichapishio chao kutoka Ningbo kuja Shanghai 1860, na msimamizi wao William Gamble alikaa akahesabu herufi za Kichina kwenye vitabu walivyochapa, herufi zaidi ya milioni moja, ajue zipi zinatumika sana ili makasha yapangwe zile za kila siku ziwe karibu na mkono wa mpanga chapa. Kazi ya kichaa lakini ilisaidia sana. Na waliosimama kwenye hayo makasha toka asubuhi mpaka taa zinawashwa ni vijana wa Kichina waliosomeshwa shule za misheni. Wakaishika kazi. Alafu 1897 wachache wao, Xia Ruifang na ndugu wawili wa ukoo wa Bao na wenzao, wakachangishana mtaji mdogo wakafungua karakana yao wenyewe ya kuchapa daftari za hesabu na makaratasi ya biashara, ndo ile Shangwu, Commercial Press. Kilichowatoa kimaisha ni vitabu vya kufundishia Kiingereza: Waingereza walikuwa na vitabu vya shule za watoto wa India, jamaa wakavichukua, wakaongeza maelezo ya Kichina, na kwa vile kila kijana mjini alitaka Kiingereza cha kupatia kazi kwenye makampuni vikauzika kama njugu. Yaani kitabu ametungiwa mtoto wa Kihindi atawaliwe vizuri, Mchina anakigeuza mtaji. Baadae akaingia Zhang Yuanji, msomi aliyefukuzwa serikalini baada ya yale mageuzi ya 1898 kushindwa, wakahamia kwenye vitabu vya shule, kamusi, magazeti, mpaka likawa shirika kubwa kuliko yote ya vitabu China. Wakakusanya maktaba, na 1926 wakaifungulia umma, jengo la ghorofa tano kule Zhabei. Zhabei mhariri ni nje ya maeneo ya wageni, hilo nitalirudia.

Lakini kununua kitabu ni jambo moja, kuwa na pa kukisomea ni lingine, na hapa makala yenu haikusema hata neno. Watu wengi wa Shanghai waliishi kwenye vichochoro, nyumba za matofali mistari kwa mistari nyuma ya geti moja. Zilijengwa kila moja ikae familia moja, alafu kodi zikapanda, vita vikaleta wakimbizi, mpangaji mkuu akaanza kukata vyumba kwa mbao na kupangisha tena mpaka nyumba moja ina familia nne tano na jiko ni hilohilo. Alfajiri linapita gari la kinyesi, wanawake wanatoa ndoo za usiku wanazisugua kwa vijiti vya mianzi, na hizo kelele ndo saa ya kuamkia ya mtaa mzima. Maji ya moto huchemshi mwenyewe, makaa ni ghali, unaenda na birika lako duka la maji ya moto pale kona unajaziwa kwa hela ndogo, na jioni watu wanakaa palepale wanapiga stori, nani kafumaniwa, nani kapandishiwa kodi. Na chumba kibaya kuliko vyote ndani ya nyumba ni kile kidogo cha nusu ghorofa juu ya jiko, dirisha linatazama kaskazini, kiangazi unaiva, kipupwe unaganda, ndo cha bei rahisi, na ndo walimokaa waandishi, walimu wasio na ajira, wanafunzi waliokimbia kwao. Fasihi ya Kichina ya kisasa, ile inayofundishwa vyuoni sasa hivi kwa heshima zote, sehemu yake kubwa imeandikwa kwenye vyumba hivyo huku harufu ya samaki wa jirani inapanda kwenye ngazi.

Na pale mdomoni mwa kichochoro ndo ilipokuwa maktaba. Mtu ana mbao za rafu kaziegemeza ukutani zimejaa vijitabu vya picha vidogo vya kushika mkono mmoja, picha na maneno machache, hadithi za mashujaa wa panga, majini, vita vya Falme Tatu, mpaka filamu zilizokuwa zinaonyeshwa mjini. Huvinunui. Unatoa sarafu chache za shaba, unakaa kwenye kibenchi chake, unasoma palepale mpaka hela yako iishe. Watoto wa shule, watoto wasioenda shule, mayaya, vibarua, anayejua kusoma anamsomea asiyejua. Mwandishi Mao Dun aliandika kuhusu hivi vibanda 1932, jinsi vilivyosambaa kila kona ya mji, na hakuwa na dharau, aliona hapo kuna wasomaji ambao waandishi wenzake hawajawahi kuwafikia. Wasomi wengine waliviita takataka, vinaharibu akili za watoto (hii lugha tunaijua, ndo tunayowasemea watoto wetu na simu), na mwaka huohuo Lu Xun, mwandishi mwingine mkubwa, akaingia ulingoni kutetea hadithi za picha kwamba nazo ni sanaa. Mi mtu akiniuliza maktaba ya umma ya Shanghai ilikuwa wapi namwonyesha pale kwenye kibenchi, simpeleki Xujiahui.

Kwa vile nimemtaja Lu Xun kuna duka moja lazima niliseme japo mwenyewe ni Mjapani. Uchiyama Kanzo alikuja China kuuza dawa ya macho, anazunguka miji na miji, na mke wake akaanza kuuza vitabu nyumbani kichochoroni 1917 ili asikae bure. Duka likakua, likahamia mwisho wa barabara ya Sichuan Kaskazini, ndani viti na meza, chai ipo, mtu anaingia anakaa anasoma, Mchina anakopeshwa anaandikwa daftarini kama Mjapani, na hilo kwa Shanghai ile halikuwa jambo dogo. Lu Xun kafika mjini tarehe 3 Oktoba 1927, tarehe 5 keshaingia pale. Akawa mteja mpaka anakufa 1936. Barua zake zinapitia pale, wageni anakutana nao pale, na alipokuwa anatafutwa Uchiyama alimficha. Lu Xun alikuwa na tabia moja nzuri, kila mwisho wa mwaka kwenye shajara yake anaandika orodha ya vitabu alivyonunua na bei zake, miaka nenda miaka rudi. Ukitaka kujua vitabu vilimgharimu nini mtu anayeishi kwa kalamu, anza na hiyo orodha.

Sasa nifike kwa watu wangu, vijana wa duka, maana hao ndo walionifanya nishike kalamu. Shanghai ilikuwa imejaa vijana walioletwa kutoka vijiji vya Ningbo na Shaoxing wakiwa na miaka 13, 14, 15, wanakabidhiwa kwa mwenye duka wajifunze biashara miaka mitatu. Mshahara hakuna, kuna chakula na hela ya sabuni. Asubuhi unafungua mbao za duka, unafagia, unachota maji, unabeba mtoto wa bosi, kutwa uko nyuma ya kaunta unatabasamu, usiku unajifunza kupiga hesabu kwenye abaka, kile kibao cha shanga cha kuhesabia, alafu unatandika godoro lako juu ya ileile kaunta unalala. Wengi wao walikuwa wamesoma kidogo, kusoma wanajua, na njaa ya kusoma wanayo. Sasa niambieni huyu maktaba ya kwenye picha yenu ilimhusu nini? Saa inapofunguliwa yeye yuko kaunta, na ikiwa wazi usiku asingejua hata mlango wa kugonga.

Aliyewafikia ni mhariri mwenzako. 1925 chama kimoja cha elimu ya ufundi kilianzisha gazeti la kila wiki, Shenghuo, yaani Maisha, gazeti la kawaida tu, nakala kama 2,800. 1926 akapewa Zou Taofen alisimamie. Kitu alichofanya ni kuupa uhai ukurasa wa barua za wasomaji. Kijana anaandika bosi ananipiga nifanyeje, mwingine wazazi wamenichumbia msichana nisiyemjua, binti anaandika nataka kusoma kaka anakataa, mwingine anataka tu kujua anunue kamusi gani. Zou anajibu. Zisizoingia gazetini anazijibu kwa posta, mwanzoni mwenyewe usiku, baadae na wenzake, barua za maelfu na maelfu kwa mwaka. Gazeti likapanda mpaka nakala 155,000. Kwa China ya wakati ule hiyo ni namba ya kutisha. Na watu walioko mbali wakaanza kutuma hela kabisa, naomba mninunulie kitabu fulani, naomba viatu, naomba kitambaa cha nguo, na jamaa wa ofisini wanatoka kwenda madukani kununua na kufunga vifurushi, kiatu kisipomfaa mtu wanakwenda kubadilisha. Ile huduma ya kununua vitabu ikawa idara 1930, na 1932 ikawa duka la vitabu kamili, Shenghuo Shudian, na vita vilipoanza likaongeza matawi mpaka zaidi ya 50 nchi nzima. Duka limezaliwa na ukurasa wa barua! Hii ndo nilitegemea kuiona kwenye gazeti kama lenu, si futi za dari za mapadri.

Na hakuwa peke yake. Shenbao, gazeti kubwa la kila siku, lilianzishwa 1872 na Mwingereza Ernest Major lakini kuanzia 1912 lilikuwa mikononi mwa Shi Liangcai, na mwishoni mwa 1932 yeye akaanzisha maktaba ya kuazimisha, Li Gongpu akaisimamia, vitabu unaondoka navyo unasomea kwenu, na pembeni yake shule za jioni za vijana wa duka na karani wadogo. Wakaweka na sehemu gazetini ya kujibu maswali ya wasomaji, na mmoja wa waliokuwa wanajibu ni kijana Ai Siqi ambaye maelezo yake ya falsafa kwa lugha ya mtaani yakaja kuwa kitabu 1936 kikasomwa nchi nzima. Unaona njia inavyopita? Kaunta, barua, maktaba ya kuazima, kitabu. Hakuna mzungu hata mmoja humo katikati.

Najua kuna atakayesema bila maeneo ya wageni hao wote wangefungwa mapema. Ni kweli nusu na hiyo nusu naitoa bila ubishi. 1903 gazeti la Subao liliandika wazi kumtukana mfalme wa Qing, serikali ikataka waandishi wakabidhiwe, na kwa yale wanayofanyiwa wahaini wangekatwa vichwa, lakini kwa sababu walikuwa ndani ya eneo la kimataifa wakashtakiwa hukohuko, Zhang Binglin akapata miaka mitatu na Zou Rong miwili. Zou Rong akafia jela 1905, hajafika hata miaka 21. Ulinzi wenyewe ndo huo.

Alafu njoo 1932. Januari 28 Wajapani wanaivamia Zhabei, kesho yake mabomu ya ndege yanaangukia viwanda vya Commercial Press, na Februari 1 maktaba ile ya ghorofa tano inachomwa. Vitabu zaidi ya 460,000. Historia za wilaya walizozikusanya miaka na miaka, zimekwisha. Jarida lao la wanawake lililokuwa linatoka toka 1915 halikurudi tena. Majivu ya karatasi yalipeperuka juu ya mji mpaka upande wa wageni, mpaka uani kwa Zhang Yuanji mwenyewe, mzee wa sitini na kitu aliyetumia maisha yake kuvitafuta vitabu hivyo kimoja kimoja. Vilivyopona ni kama 5,000, vile adimu walivyokuwa wamevitanguliza kwenye sefu ya benki, na benki ilikuwa ndani ya eneo la kimataifa. Wakati huo wageni wengi walikuwa juu ya mapaa ya nyumba zao wanaangalia vita ng'ambo ya barabara, na maktaba zao ziko salama na riwaya zao. Maktaba ambayo Wachina waliijenga kwa hela yao wakaifungulia umma ndo iliyoungua, na makala yenu haikuitaja kabisa. Hilo mhariri ndo limeniuma.

Na hao wa barua waliishia wapi? Shi Liangcai alipigwa risasi na majasusi wa Chiang Kai-shek, mtawala wa China wakati huo, Novemba 1934 akiwa njiani anarudi kutoka Hangzhou. Zou Taofen na Li Gongpu walikamatwa usiku wa Novemba 1936 pamoja na wenzao watano, akiwemo mwanasheria mwanamke Shi Liang, kosa lao kudai China ipigane na Japan, na waliogonga milango yao kukiwa giza ni polisi wa maeneo ya wageni pamoja na wa serikali. Walitoka Julai 1937 vita vimeshaanza. Duka la Shenghuo likafungwa tawi baada ya tawi na serikali ya Guomindang, chama cha huyo Chiang, kufika 1941 limebaki la Chongqing tu.

Ngoja niwe wa haki kidogo. Mzungu aliyefanya kazi ninayoisema yupo, ila hakuwa Shanghai. Mary Elizabeth Wood, Mmarekani, alifika Wuchang, ng'ambo ya mto na bandari ya Hankou, 1899, na 1910 akafungua maktaba ya chuo cha misheni ya Boone kwa watu wote wa mji, bila kuuliza wewe ni wa dini gani. Watu walipoona aibu kuingia akawatumia vitabu kwenye masanduku yanayozunguka mashuleni. Akampeleka msaidizi wake Shen Zurong Marekani 1914 akasomee ukutubi, na 1920 wakaanzisha pamoja shule ya wakutubi ya kwanza China, na wanafunzi wake ndo waliokwenda kuendesha maktaba za nchi nzima. Mama huyu alifia hukohuko 1931.

Mmeahidi sehemu ya pili itahusu Tianjin na Hankou. Naomba mwandishi akifika Hankou avuke mto, amwandike Shen Zurong na wanafunzi wake zaidi ya majengo ya benki ambayo kila mtu keshayapiga picha. Na turudishieni ule ukurasa wenu wa maswali ya wasomaji mlioukata mwaka juzi kupisha matangazo ya viwanja, tulikuwa tunausoma.

Barua hii ikizidi nafasi, kateni pale kwa ng'ombe japo itaniuma. Vijana wa duka msiwaguse.

Msomaji wenu,
Tanga